Solo ya "Hotel California" na maana ya maneno yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha gita hapa Kisumu, Jumamosi mchana na jioni mbili za katikati ya wiki. Katika nyimbo zote za roki za polepole, hakuna niliyoulizwa kama hii ya kundi la Eagles. Kuna walioisikia kwenye matatu, kuna walioisikia kwa redio ya baba Jumapili, na wengi hawajawahi kuketi wakafuatilia inasema nini. Nimeyakusanya maswali yao hapa ili anayeanza ayasome kabla hatujakutana, na aliyekwama apate pa kushika. Imani yangu naisema mapema: maneno na solo ya wimbo huu, yaani kipande ambacho gita linaongoza bila mwimbaji, ni kitu kimoja. Ukijifunza vidole peke yake utazipiga noti zote na msikilizaji hataguswa.

Solo yenyewe ni ipi, na ni nani wanaipiga?

Ni ile ya mwisho. Inaanza dakika ya 4 na sekunde kama 20, uimbaji ukishaisha, na inaendelea mpaka wimbo unafifia kwenye dakika ya 6 na nusu hivi. Magita ni mawili: Don Felder na Les Paul yake, Joe Walsh na Telecaster yake, zote aina za gita la umeme. Felder anafungua, Walsh anapokea, wanapokezana vipande vifupi, halafu wanaungana na kushuka pamoja kwa sauti mbili. Albamu yenye jina hilo hilo ilitoka Desemba 1976, na mwaka uliofuata wimbo ukashika namba moja Marekani.

Muziki aliutunga Felder. Alikuwa amepanga nyumba ufukweni Malibu, akarekodi wazo lake nyumbani, kisha wenzake kundini, Don Henley na Glenn Frey, wakalijengea hadithi. Kuna kisa ambacho Felder mwenyewe amekisimulia mara nyingi. Walipofika studio Miami kurekodi solo, yeye na Walsh walitaka kubuni kitu kipya. Henley akakataa, akataka noti zile zile za kaseti ya kwanza. Kaseti ilikuwa imebaki Los Angeles. Felder akapiga simu nyumbani, msaidizi wake akaitafuta, akaiweka kwenye redio na kusogeza simu karibu ili wasikie. Huwasimulia wanafunzi kisa hiki kwa sababu wengi hudhani solo nzuri hutoka kichwani papo hapo. Hii ilitungwa, ikahifadhiwa, na aliyeitunga akalazimika kujifunza upya kazi yake mwenyewe.

Nina miezi mitatu tu kwenye gita. Naweza kuanza?

Kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ndiyo, hata leo. Solo subiri kidogo. Ukiweza kubadilisha kordi bila kuangalia mkono na bila kuacha mdundo, njoo tuanze.

Nitumie gita gani? Nina la akustiki tu.

La akustiki linatosha kujifunza wimbo mzima. Waliporudiana mwaka 1994, baada ya kutengana 1980, Eagles wenyewe waliupiga kwa magita ya akustiki. Tabu utakayoipata ni ya kuvuta uzi kando ili sauti ipande. Seti ya kawaida ya gita la umeme huanza na uzi wa unene wa inchi 0.009 au 0.010, lakini ya akustiki mara nyingi huanza na 0.012, na uzi wa tatu, ukihesabu kutoka ule mwembamba kabisa, umezungushiwa waya. Kuuvuta huo hadi noti inayofuata kunahitaji kidole chenye miezi ya mazoezi. Usijilazimishe mpaka ngozi ichubuke.

Kwa sisi wa Kisumu, jambo la nyuzi si dogo. Hewa ya ziwa ina unyevu, mikono inatoka jasho, na nyuzi za chuma hushika kutu upesi. Uzi wenye kutu haukai kwenye tyuni, na ukiuvuta unakwaruza kidole na freti pia, vile vijiti vya chuma vilivyolala kwenye shingo ya gita. Kila ukimaliza kupiga, futa kila uzi kwa kitambaa kikavu, juu na chini yake. Mimi niliwahi kuuziwa mjini seti niliyoambiwa ni mpya. Nilipofungua bahasha, uzi wa kwanza ulikuwa na madoadoa ya kahawia tayari. Tangu hapo huifungua palepale dukani kabla ya kulipa, na sioni haya.

Nianzie wapi?

Anza na kordi nane. Usiguse solo kabla hujaweza kuziimba kwa mdomo. Mzunguko ni huu (m ni kordi ndogo, # ni nusu hatua juu): Bm, F#, A, E, G, D, Em, F#. Kisha unarudi Bm. Solo nzima inakaa juu ya mzunguko huo huo, karibu mara tano.

Kama kordi za kuziba nyuzi zote kwa kidole kimoja zinakusumbua, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi zote, kwenye freti ya 7 upige maumbo unayoyajua: Em, B7, D, A, C, G, Am, B7. Sauti itatoka ile ile. Wapigaji wengi wa kanisani wanayajua maumbo haya hata usingizini.

Piga mzunguko polepole, rekodi kwa simu dakika tano bila kukatika, na rekodi hiyo ndiyo utakayopigia solo. Stima ikipotea, simu bado ina chaji.

Najua skeli ya pentatoniki ya B ndogo, lakini nikifika F# noti zangu zinagongana. Shida ni nini?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana hapo ndipo mtu anapovuka kutoka kupapasa hadi kuelewa.

Skeli ni ngazi ya noti, na pentatoniki ya B ndogo ina noti tano: B, D, E, F#, A. Kordi ya F# ina noti tatu: F#, A#, C#. Tazama hiyo A#. Wewe umeshikilia A, na gita la kordi linapiga A#, nusu hatua juu yako. Ndiyo maana sikio linakunja uso. Ukifika F#, acha A na utumie A#. Jambo la namna hiyo liko kwenye kordi ya E pia, kwa sababu ina G#, na mzunguko ukifika G noti hiyo inarudi kuwa G ya kawaida. Felder na Walsh wanafuata kila kordi inapokwenda. Hawachagui skeli moja na kuizungusha juu ya kila kitu.

Mama mmoja mwimbaji wa alto aliyekuja kujifunza kwangu alilielewa hili kwa dakika mbili, na mimi nilikuwa nimehangaika nalo miaka. Alilisoma kwa solfa. Ukiweka D kuwa doh, B ni lah. A ni soh, na A# ni se, ile soh iliyopandishwa ambayo wanakwaya huikuta kila wimbo wa huzuni unapokaribia kutua. G# ni fe. Akaimba kwanza: lah, se, lah. Kisha akaitafuta kwenye uzi. Kama umewahi kuimba kwaya na kushika karatasi ya solfa, una elimu ambayo wapiga gita wengi wa mtandaoni hawana, basi itumie.

Napiga benga tangu utotoni. Itanisaidia au itanizuia?

Vyote viwili, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu nusu ya wanafunzi wangu wako hivyo.

Itakusaidia kwa kuwa sikio lako limezoea magita mawili yanayozungumza. Benga, muziki wa gita wa Waluo, ilikulia kwenye vidole vilivyojua nyatiti, ala yao yenye nyuzi nane, na ukisikiliza rekodi za D. O. Misiani na Shirati Jazz utasikia gita moja likiuliza na jingine likijibu kabla swali halijaisha. Kisha uimbaji unanyamaza, magita yanashika usukani, watu wanainuka. Mwisho wa "Hotel California" umejengwa vivyo hivyo: mwimbaji anamaliza ya kwake, na magita yanabaki kusema lililobaki. Mpiga benga akisikia Felder na Walsh wakipokezana haoni ugeni.

Litakalokuzuia ni haraka. Benga inataka noti fupi, safi, zinazoruka kama mvua kwenye mabati. Huku kuna noti inayotakiwa kushikwa, kuvutwa, kutetemeshwa, na kuachwa ipumue kabla ya nyingine kuja. Wanafunzi wangu wa benga huijaza kila nafasi. Dawa niliyoipata ni hii: piga fungu moja, ondoa mkono wa kulia kwenye nyuzi, vuta pumzi ndani na nje, ndipo upige fungu linalofuata. Utaona aibu ya ukimya wiki ya kwanza. Baadaye utaanza kuusikia.

Nikivuta uzi noti haifiki, au inapita. Nifanyeje?

Piga kwanza noti unayoitaka, ndipo uivute ile ya chini yake ifike hapo. Mfano, uzi wa pili: gonga freti ya 12, sikiliza, iimbe. Rudi freti ya 10, vuta mpaka usikie noti uliyoimba. Vuta kwa vidole vitatu, kiganja kikizunguka kama unafungua kitasa cha mlango. Kidole kimoja peke yake kitachoka. Mara kumi asubuhi na mara kumi jioni zinatosha. Kosa kubwa ni kuvuta kwa nguvu na kutumaini. Sikio litangulie, mkono ufuate.

Ile sehemu ya mwisho, magita yote mawili yakishuka pamoja, inapigwaje?

Watu huiogopa, na kumbe ndiyo iliyo na mpangilio ulio wazi kuliko zote. Ni kordi zile zile nane zilizovunjwa noti moja moja. Hii ndiyo njia ninayofundisha kwa sauti ya chini, kwenye uzi wa kwanza na wa pili tu.

Kwenye Bm, uzi wa kwanza freti ya 10, chomoa kidole ili freti ya 7 ilie, kisha uzi wa pili freti ya 7. Kwenye F#, uzi wa kwanza 9 kwenda 6, uzi wa pili 7. Kwenye A, 9 kwenda 5, uzi wa pili 5. Kwenye E, 7 kwenda 4, uzi wa pili 5. Kwenye G, 7 kwenda 3, uzi wa pili 3. Kwenye D, 5 kwenda 2, uzi wa pili 3. Kwenye Em, 3 kwenda uzi mtupu, na uzi wa pili mtupu pia. F# ya kufunga iko pale chini: freti ya 2 kwenye nyuzi mbili za kwanza na ya 3 kwenye uzi wa tatu.

Angalia mkono wako unavyotembea. Unashuka ngazi hatua kwa hatua, na kidole kimoja au viwili tu hubadilika karibu kila mara. Gita la pili linapiga noti za kordi zile zile kutoka juu zaidi. Kwenye Bm, kwa mfano, ni uzi wa kwanza freti ya 14 na 10, uzi wa pili freti ya 12. Ukiwa na rafiki, gawaneni. Ukiwa peke yako, rekodi sauti ya chini kwa simu na upige ya juu. Sauti hizo mbili zitakapokutana sawasawa utajua mwenyewe, kwa sababu chumba kitajaa sauti.

Anza metronomu, kile kipima mdundo, kwenye 40. Mwendo wa wimbo ni kama mapigo 75 kwa dakika. Panda kwa mapigo matatu matatu, na usipande siku ambayo umekosea.

Nisome tabo za mtandaoni au nitumie sikio?

Sikio kwanza; tabo, ile michoro ya namba za freti, baadaye kuhakikisha. Tabo nyingi zinatofautiana, na hakuna hata moja itakayokueleza noti ishikwe kwa muda gani.

Kanisani kwetu wanasema ni wimbo wa shetani. Ni kweli?

Wanaoniuliza hivi huniuliza kwa hofu ya kweli, na wazazi wengine wamenijia kabla ya kumruhusu mtoto, kwa hivyo nalijibu kwa heshima. Uvumi huo ulianzia Marekani kwenyewe, na waandishi wa wimbo wameukanusha kwa miaka mingi. Jengo lililo kwenye jalada la albamu ni Beverly Hills Hotel, hoteli ya kawaida ya matajiri. Henley, ambaye maneno mengi ni yake, ameeleza kwamba wimbo unahusu safari ya mtu kutoka kutojua mambo hadi kuyajua, na upande wa giza wa ndoto ya Marekani: anasa, kupita kiasi, na bei yake.

Ukiusoma bila kuogopeshwa, ni wimbo wa onyo. Mhubiri anaweza kuusimulia madhabahuni na asibadilishe kitu.

Basi hadithi yenyewe inasema nini?

Mtu anaendesha gari usiku kwenye barabara ya jangwani. Amechoka, macho mazito. Anaona taa mbali. Aliyewahi kusafiri usiku kutoka Nairobi kuja huku anaijua hali hiyo: umepita Nakuru, chai imeisha tumboni, baridi ya Mau Summit inaingia dirishani, na taa yoyote ya kando ya barabara inaonekana kama nyumbani. Anasimama. Mwanamke yuko mlangoni na mshumaa. Msafiri anajiuliza moyoni kama pale ni peponi au motoni, kisha anaingia. Hapo ndipo pa kusimama: alijiuliza, hakupata jibu, akaingia.

Ndani kuna uzuri, muziki, watu wanaocheza uani, wengine ili wakumbuke na wengine ili wasahau. Anaagiza mvinyo, anaambiwa kinywaji hicho hakijaonekana pale tangu 1969. Neno la Kiingereza lililotumika ni spirit, lenye maana mbili: pombe kali na roho. Henley aliwahi kusahihishwa na mwandishi mmoja kwamba mvinyo hauhesabiwi katika pombe kali; akajibu kwamba hakuwa akizungumzia vinywaji. Mimi naisoma hivi: ile roho ya vijana wa miaka ya sitini, walioamini muziki ungebadilisha dunia, ilikuwa imekwisha hotelini humo, na kilichobaki ni sherehe.

Kisha karamu. Wanamchoma mnyama kwa visu na hawawezi kumuua. Mnyama huyo yumo ndani yao. Mchovya asali hachovi mara moja, na wazee waliosema hivyo hawakuwa na haja ya kufika California. Nimewaona vijana wenye vipaji hapa mjini, vidole vya ajabu, walioanza kwa chupa moja baada ya shoo. Nikifika ubeti huu darasani siharakishi.

Mwisho msafiri anakimbilia mlango. Mlinzi anamtuliza: kulipa na kuaga unaweza saa yoyote unayotaka, kuondoka ndiko kusikowezekana. Na hapo, pumzi hiyo hiyo, gita la Felder linaingia.

Sasa unganisha na kordi. Mzunguko unaishia F#, na F# inavuta sikio lirudi Bm. Ukirudi Bm umeanza upya. Hakuna mlango popote kwenye zile kordi nane. Magita yanazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, yanapanda, yanalia, yanaungana, na bado yamo kwenye ukumbi ule ule. Rekodi inafifia yakiwa bado yanazunguka. Solo ni msafiri anayetafuta mlango. Mwanafunzi akishaliona hili, noti zake za kwanza hubadilika bila mimi kumgusa kidole.

Neno "colitas" kwenye mshororo wa mwanzo ni nini?

Ni Kihispania, maana yake vimkia vidogo. Kwa kawaida hueleweka kuwa machipukizi ya bangi, ambayo harufu yake inapeperushwa na upepo wa jangwani. Nikifundisha watoto nasema ni mmea, naendelea.

Naweza kuuimba kwa Kiswahili?

Jaribu, ni zoezi zuri sana la kuelewa, lakini usitafsiri neno kwa neno. Mwanafunzi mmoja aliuhamishia msafiri wake kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, hoteli ikawa gesti yenye taa ya buluu, mlinzi akawa askari wa usiku mwenye rungu na koti kubwa. Ilipendeza kwa sababu kila kitu kilikuwa kitu anachokijua. Lile neno lenye maana mbili halikupatikana kwetu. Akaliacha, akaweka "moto wa zamani hatunao tena", na nadhani alichagua vyema. Ukitaka kurekodi na kuuza, hiyo ni kazi ya watu wengine na ruhusa inahitajika.

Unaweza kupigwa harusini?

Kordi ni tamu, hadithi haifai. Chagua mwingine.

Itanichukua muda gani?

Anayejua kordi zake na kupiga nusu saa kila siku, wanafunzi wangu wengi huchukua miezi minne hadi sita kuifikisha mwendo wake. Siku moja ya saa tano kwa wiki haitakufikisha.

Nikiupiga jukwaani niumalizie wapi, kwa kuwa rekodi inafifia?

Rekodi haina mwisho wa kuiga, kwa hivyo ni lazima mkubaliane. Wengi hupunguza mwendo kwenye F# ya mwisho na kutua Bm, watu wakapiga makofi. Inakubalika, na kwa shoo ya kwanza nakushauri ufanye hivyo.

Mimi napenda njia nyingine. Desemba iliyopita wanafunzi wangu wawili, mmoja wa benga na yule mama wa alto, waliupiga kwenye ukumbi mdogo. Walishuka pamoja ngazi ile, Em, wakafika F#, wakaacha nyuzi zilie hapo hapo. Hawakurudi Bm. Ukumbi ulikaa kimya, watu wakiwa wameinamia mbele kidogo, na mtoto mmoja mstari wa nyuma akauliza kwa sauti kama wimbo umeisha. Ukichagua hivyo, mwambie mpiga besi na mpiga ngoma mapema, na mwambie besi aondoe mkono kabisa kwenye nyuzi, kwa sababu mazoea yatamvuta arudi B.